Mama kaandikiwa MRI yenye sindano ya gadolini na figo zake si nzima. Nikubali?

BintiVwawa
Habari zenu wadau. Mama yangu ana miaka 61, kisukari kimemkaa muda mrefu. Sikio la kushoto limepoteza usikivu taratibu, linavuma usiku kucha, na siku hizi akitembea anayumba. Daktari wa masikio anashuku uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, kamwandikia MRI ya kichwa (picha ya mashine ya sumaku) na dawa ya kontrasti, ile inayochomwa ili picha ionekane vizuri. Kaka yangu akasoma kwamba dawa hiyo ina gadolini, jamii moja na madini adimu ya Ngualla huku kwetu Songwe, na kwamba inabaki kwenye ubongo. Mama kasikia, sasa hataki kabisa. GFR yake ya mwisho, yaani kipimo cha figo zinavyochuja damu, ni 36. Naogopa kumlazimisha, na kumwacha hivi hivi naogopa pia. Mwenye uelewa anisaidie.

Mzee wa Kasulu
Pole sana mwanangu. Mimi nasafishwa damu kwa mashine. Kliniki walitusisitiza: kabla hujachomwa dawa yoyote ya picha, taja hali ya figo zako, usingoje kuulizwa.

FundiPicha
Dada, mpe mama shikamoo yangu. Kazi yangu ni hiyo MRI, na dawa hii naichoma kila wiki, kwa hiyo nitakueleza nijuavyo.

Kaka yako hajakosea. Gadolini ni metali adimu kweli, na ikiwa peke yake ni sumu. Chembe yake inakaribiana kwa ukubwa na ya kalsiamu, kwa hiyo inaziba vijia ambavyo kalsiamu hupitia kwenye neva na misuli. Ndiyo maana haichomwi hivyo ilivyo. Hufungwa ndani ya molekuli nyingine ili ipite mwilini na kutoka na mkojo. Na hapo kwenye kufungwa ndipo penye suala lote. Kuna dawa za aina ya mnyororo, kwa mfano gadodiamidi, ambazo zimeizunguka gadolini kama kamba kwenye mzigo, na kamba hulegea. Kuna za aina ya pete, kama gadobutroli na gadoterati, ambazo zimeifungia ndani na haichomoki kirahisi.

Mtu mwenye figo nzima hutoa zaidi ya asilimia 90 ndani ya saa 24. Figo zikichoka, dawa hukawia mwilini na aina ya mnyororo hupata muda wa kufunguka. Mwaka 2006 daktari wa Austria, Grobner, alihusisha dawa hizi na ugonjwa wa wagonjwa wa figo ambao ngozi yao ilikuwa ikikakamaa mpaka viungo havikunjuki. Ugonjwa ule ni mbaya sana. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye GFR chini ya 30 na wanaosafishwa damu, na umekuwa nadra mno tangu hospitali zihamie aina ya pete.

Sasa ubongo. Mwaka 2014 Kanda na wenzake Japani waliona sehemu za ndani za ubongo zikingʼaa kwenye picha kwa watu waliochomwa mara nyingi, na mwaka uliofuata uchunguzi wa maiti ulithibitisha kwamba ni gadolini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisitisha dawa kadhaa za mnyororo, ingawa haikuona ushahidi kwamba mabaki hayo yamemdhuru mtu ubongo. Mimi naheshimu tahadhari ile. Lakini uvimbe unaokua kuelekea shina la ubongo ni hatari inayojulikana, haihitaji kubahatishwa.

Kwa hiyo ulizeni jina la dawa kabla ya siku ya kipimo. Ikiwa ya pete, kwa GFR ya 36 mimi ningekubali. Dozi ya gadobutroli ni mililita 0.1 kwa kila kilo ya mwili, yaani mama wa kilo 60 anachomwa mililita 6. Ikiwa ya mnyororo, ombeni nyingine au hamieni hospitali nyingine. Muulizeni pia daktari kama inawezekana kuanza na picha za T2 (aina moja ya picha za MRI) za vipande vyembamba bila sindano. Uvimbe mwingi wa mshipa huo huonekana hapo, ila ule mdogo sana kontrasti huudhihirisha vizuri zaidi.

Mzee wa Kasulu, nanyi wa figo wengine humeza metali adimu bila kujua: vidonge vya lantani vya kuzuia fosfeti ya chakula isijae kwenye damu. Haviingii kwenye damu ila kidogo mno. Huwa naviona vyeupe kabisa kwenye eksirei ya tumbo.

BintiVwawa
Asante sana kaka, mama nimemsomea yote na amekubali tuulize jina la dawa. Kuna mtu mtaani anauza matone ya kutoa metali mwilini. Nimpe mama baada ya kipimo?

FundiPicha
Hapana dada, usimpe. Hayo matone hakuna anayejua yana nini, na mama ana figo za kulindwa. Dawa halisi za kuvuta metali mwilini nazo huondoa madini anayoyahitaji, na zina madhara kwenye figo. Maji anywe kawaida, kama daktari wake hajamwekea kikomo. Akiwa anatumia metformini ya kisukari aendelee nayo, ile ya kuisimamisha ni habari ya kontrasti ya CT, kipimo kingine cha picha kinachotumia eksirei. GFR ikiwa ya zamani irudiwe kwanza. Na kama amewahi kuwekewa chuma au betri ya moyo, semeni mapema, kabla hajaingia chumba cha sumaku.