Darasa la watu 180, nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia wote. Mnafanyaje?

Takwimu_Kanda_ya_Ziwa:
Wakuu, habari. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Ukumbi una watu 180, spika inakoroma, wa nyuma hawaoni ubao. Nikiuliza "mmeelewa?" naitikiwa "ndiyooo". Jaribio likija, nusu nzima hawajui wastani una maana gani, wamemeza desa la mwaka jana. Vikundi nimejaribu: wawili wanafanya kazi, wanane wanaandika majina. Nisaidieni mbinu isiyodai vifaa.

Fundi_Fizikia:
Mkuu, hilo "mmeelewa?" liache. Nani atanyoosha mkono mbele ya wenzake 179 aseme hajaelewa?

Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, alianza mwaka 1991 kukatiza mhadhara kwa swali fupi la kuchagua. Kila mtu anafikiri peke yake, anapiga kura, anabishana na jirani, kisha kura tena. Mimi natumia vidole kifuani, wote kwa mpigo, ili mtu asichungulie. Wakipatia karibu wote, nasonga mbele. Wakikosa karibu wote, nafundisha upya. Wakigawanyika, hapo ndipo nawaachia wabishane.

Kwako wewe: ofisi ina watu 10. Tisa wanalipwa laki nne kila mmoja, bosi milioni sita. Wangapi wako chini ya wastani? Kidole kimoja: wanne. Viwili: watano. Vitatu: tisa. Wastani ni 960,000, kwa hiyo ni wote tisa, lakini utaona vidole viwili vingi, maana wanadhani wastani hukata watu nusu kwa nusu. Usiwape jibu mapema. Kazi ngumu ni kutunga swali. Mimi huyachimba kwenye makosa ya mitihani iliyopita.

Mwaka_wa_Pili:
Samahani Dokta, sisi huku tunaona lekcha anakwepa kufundisha. Nimelipa ada niulize jirani ambaye naye hajui?

Fundi_Fizikia:
Kijana, hilo limepimwa, hapo hapo Harvard, matokeo yakatoka 2019. Walioshirikishwa walijiona wamejifunza kidogo, jaribio likaonyesha wamejifunza zaidi. Lekcha mwenye ulimi mtamu anakupa raha ya kuelewa, ukifika hosteli hukumbuki kitu. Ila una haki: waambieni wanafunzi mapema kwa nini mnafanya hivyo.

Mama_Ualimu:
Naongezea, wanangu. Dakika tano za mwanzo waandike wanachokumbuka cha kipindi kilichopita, madaftari yamefungwa, bila maksi. Wanasaikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima hili 2006: baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, baada ya wiki, waliojikumbusha bila kutazama waliwapita. Wangu walinuna mwanzoni. Sasa nikichelewa, nawakuta wameshaanza.

Takwimu_Kanda_ya_Ziwa:
Asanteni sana. Jumatatu naanza na huyo bosi. Dokta, vidole vya wale wa nyuma kabisa nitavionaje?

Fundi_Fizikia:
Tembea, mkuu. Hiyo spika inayokoroma waachie mezani.