Swali la Bayi limenigombanisha na kijiwe, nisaidieni

Mchemshaji wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Kila Jumamosi baada ya isha naendesha chemsha bongo kijiweni kwetu. Si mambo makubwa: mabenchi mawili, birika la kahawa, sahani ya kashata, na mimi nimesimama na kadi nilizokata kwenye maboksi ya mashati. Zawadi tunachangishana. Wiki iliyopita ilikuwa sukari kilo mbili, na kwa bei ya sukari ilivyo, hata wasiojua kitu walijitokeza.

Maswali nayatoa kwenye kijitabu nilichonunua stendi, cha fotokopi, hakina hata jina la mwandishi. (Hapo najua mmeshaanza kucheka.)

Fainali walibaki wawili: kijana mmoja wa bodaboda na mzee wetu mvuvi, siku hizi haendi tena baharini. Nikauliza: Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alipata medali gani ya Olimpiki? Kijana akarukia: "Dhahabu! Mita 1,500, mwaka 1974!" Kadi yangu inasema hivyo hivyo, neno kwa neno. Mzee akasema, "Fedha." Nikampa kijana sukari yake, watu wakapiga makofi.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, hiyo 1974 Olimpiki ilichezwa wapi?"

Nilikosa la kusema. Akachukua bakora yake akaenda zake, na tangu siku ile hajaja kunywa kahawa. Nikipita kwake nampa shikamoo, anaitikia marahaba ya kukata.

Sasa siiamini kadi hata moja. Nyingine mbili zinazonitia shaka ni hizi. Vita vifupi kuliko vyote duniani, Zanzibar 1896: kadi inasema dakika 45, muuza kashata wetu, mtu wa Unguja, anasema 38. Na kwa nini mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale Kilimanjaro: kadi inasema Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake Kaiser wa Ujerumani, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hili la mwisho hakuna aliyebisha, wote walicheka tu na kusema Wazungu bwana.

Nisaidieni ukweli. Na la pili: sukari imeshaliwa. Nifanyeje?

Mwanariadha Mstaafu, Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huyo mzee mwombe radhi leo leo, usingoje Jumamosi.

Mwaka 1974 hakukuwa na Olimpiki. Kulikuwa na 1972 Munich na 1976 Montreal. Alichoshinda Bayi 1974 ni Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari. Ni dhahabu kweli, na mita 1,500 kweli, ndiyo maana watu wanachanganya. Alikimbia 3:32.2, rekodi ya dunia. Lakini namba peke yake haikuelezi kitu. Wakati ule wakimbiaji wa 1,500 walikuwa wanajificha nyuma, wanaviziana mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakuangalia nyuma. John Walker wa New Zealand akamfukuza mbele ya watu wa kwao, akamaliza kwa 3:32.5. Yaani hata aliyeshindwa aliivunja rekodi ya zamani, ile 3:33.1 ya Jim Ryun! Wa tatu alikuwa wetu, Ben Jipcho. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaica, 3:51.0.

Montreal dunia nzima ilingoja Bayi na Walker warudiane. Haikuwa. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu bila mpinzani wake.

Fedha ya mzee wako ni ya Moscow, 1980, na si ya 1,500. Ni mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Bayi alikimbia vile vile kama kawaida yake, akawaacha mbali, na mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia. 8:09.7 kwa 8:12.5. Sisi Wakenya hatukuwepo, tulisusia hiyo pia, na hadi leo kuna wazee hapa wanaosema tungekuwepo ingekuwa hadithi nyingine. Michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia.

Nakupa na mtego wa bure. Uliza Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Kila mtu atasema Kipchoge Keino. Jibu ni Wilson Kiprugut, shaba, mita 800, Tokyo 1964. Uliza dhahabu ya kwanza, watasema Keino tena. Ni Naftali Temu, mita 10,000, Mexico 1968.

Mla Ubwabwa

Mkuu kilo mbili zote zimeliwa ndani ya wiki moja? Huyo bodaboda anakunywa chai au sharubati?

Bi Shangani

Fundi, huyo muuza kashata wako kasema kweli, ila na kadi yako haijasema uongo mtupu. Makataa ya Waingereza kwa Sayyid Khalid, aliyekalia kiti cha Usultani bila ridhaa yao, yalikwisha saa tatu kamili asubuhi, tarehe 27 Agosti 1896. Mizinga ikaanza kulia dakika mbili baadaye, ikanyamaza saa tatu na dakika arubaini. Hizo ndizo 38. Wengine huanza kuhesabu tangu makataa hadi mambo yalipotulia, wakapata 45. Basi ukiuliza, sema unahesabu kutoka wapi mpaka wapi, usigombanishe watu.

Lakini mimi hilo swali silipendi, na nitakwambia kwa nini. Watalii wanakuja hapa, wanaambiwa dakika 38, wanacheka. Katika dakika hizo upande wa Sayyid Khalid bin Barghash watu kama 500 waliuawa na kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Jumba la mbao likawaka na watu ndani, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa pale pale bandarini, milingoti imebaki juu ya maji. Hicho si kichekesho.

Ukitaka swali la kuwafikirisha, uliza Sayyid Khalid alitokaje Unguja. Alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Wajerumani, Waingereza wakamngoja nje, akanyage tu barabara wamkamate. Wajerumani wakangoja maji kujaa. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipofika kwenye lango la bustani, mashua ya manowari yao ikasogea hapo hapo, akapiga hatua moja kutoka bustanini mpaka ndani ya mashua. Mguu wake haukugusa ardhi ya Mwingereza. Akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata 1916, wakamhamishia visiwani Shelisheli na Saint Helena. Alikufa Mombasa, 1927. Mvuvi wako atalipenda hilo, maana anajua maji kujaa na kupwa.

Mwalimu wa Marangu

Nilifundisha historia miaka thelathini na moja, na hiyo zawadi ya siku ya kuzaliwa nimeikuta kwenye madaftari ya wanafunzi mpaka nikachoka kuikata kwa kalamu nyekundu.

Iangalieni miaka tu. Mpaka ule ulichorwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886. Wilhelm wa Pili, huyo mjukuu, alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888. Mwaka 1886 aliyekuwa kwenye kiti ni babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza. Zawadi gani inatangulia miaka miwili?

Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa sababu watu wao walikuwa wameshapita huku 1885 wakisainisha machifu karatasi, na Mombasa ikabaki kwa Waingereza. Ukitaka kuona, tandika ramani mezani, weka rula kutoka Vanga pwani mpaka ziwa Viktoria. Mstari unakwenda vizuri, ukifika ziwa Jipe unapanda juu, unazunguka mlima kwa kaskazini, kisha unashika tena njia yake. Kwa vijiwe vya jioni rula na ramani ni zawadi nzuri kuliko sukari.

Mchemshaji wa Ngamiani

Wakuu, nimerudi. Jumatano nilikwenda kwa mzee na kilo mbili nilizonunua mwenyewe. Alikuwa barazani anashona jarife kuukuu, ule wavu wa samaki wakubwa, sijui la nini, maana boti alishaiuza. Sukari akampa mkewe bila kuiangalia. Nikamsomea habari ya Moscow, akasema redioni alisikia vile vile, akanionyesha kwa sindano ya nyavu jinsi yule Mpolandi alivyompita Bayi. Nikamsomea na ya Sayyid Khalid. Akacheka mpaka akakohoa. "Walingoja maji yajae," akasema. "Wajerumani wale walikuwa na mvuvi wa kuwashauri."

Sharti lake la kurudi kijiweni likawa moja: swali la mwisho Jumamosi aulize yeye.

Basi jana akasimama na bakora yake: "Samaki gani wataalamu walisema alikwisha pamoja na dinosaria, na sisi hapa Tanga tumemtoa kwa jarife?" Watu wakataja papa, wakataja nguva, mmoja akasema chewa mkubwa. Kimya. Binti wa muuza kashata, yuko kidato cha pili, akasema silikanti. Mzee akagonga bakora chini. Akawaeleza alivyomuona kwa macho yake ufukweni: magamba magumu kama vigae, mapezi yana nyama kama vikono vya mtoto, akiwa hai ana buluu na madoa meupe, akifa anageuka rangi ya udongo. Nyama haiuziki, mafuta tupu. Mimi nikaongeza niliyoyatafuta usiku kucha: wa kwanza alipatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na hapa Tanga wakaanza kunaswa kwa wingi miaka ya mwanzo ya 2000, mpaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Binti kachukua ramani ya Afrika Mashariki na rula. Kadi hiyo nimeiandika kwa mkono wangu, nyuma nimeweka mwaka, 1938. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama mwaka huo kulikuwa na Olimpiki. Kijiwe kizima kikamjibu kwa pamoja.