Naomba ushauri: Richard III au gavana Ferneze?

Wakuu, naandika tasnifu kuhusu ujanja wa kisiasa katika tamthilia za Uingereza za mwishoni mwa karne ya 16. Msimamizi anataka mhusika mmoja tu. Richard III wa Shakespeare anatugeuza washirika wake: anatuambia njama mapema, kisha anamtongoza Lady Anne mbele ya maiti ya baba mkwe wake, nasi tunacheka! Ila kila mtu keshamwandika. Kwenye The Jew of Malta ya Marlowe, mzimu wa Machiavelli, yule Mwitaliano aliyeandika kuhusu hila za kisiasa, unatangulia jukwaani kumnadi Barabas, mfanyabiashara Myahudi, lakini anayeshinda ni gavana Ferneze: anamtumbukiza Barabas kwenye chungu kinachochemka, kisha anaishukuru mbingu. Mnaonaje, Ferneze anatosha kubeba tasnifu nzima?