Kampuni imetuletea jogingi na fulana, lakini kifua cha Jumatatu hakijapimwa. Nianzie wapi?

Binti Ruvu

Wanajamvi habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Niko kiwanda cha nguo hapa Dar, mwaka wa tisa sasa. Miaka sita ya kwanza nilikuwa kwenye kusokota nyuzi, mitatu hii niko kwenye mashine za kufuma. Jina la kiwanda sitalitaja, kwa sababu riziki yangu iko pale na ninachotaka ni mambo yatengenezwe, sitafuti ugomvi. Mwaka jana wenzangu wa shifti B walinichagua niwe mwakilishi wao wa usalama na afya, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Tangu mwezi wa tatu kampuni imeanzisha programu ya afya ya wafanyakazi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakimbia jogingi, tunapewa fulana na maji, halafu kunakuwa na meza ya kupima presha, sukari na uzito. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wangu wote. Fundi wetu mmoja wa umeme alikutwa na presha 190 kwa 110 pale pale mezani, akapelekwa hospitali siku ile ile. Alikuwa hajui kabisa.

Ila kuna mambo mawili yananinyima usingizi.

La kwanza ni kifua. Wenzetu wanaofungua marobota ya pamba, na wale wa mashine za kuchana, wana kitu ambacho sisi wenyewe tunakiita "Jumatatu". Jumapili umepumzika, Jumatatu unaingia kazini mzima kabisa, ikifika mchana kifua kinabana kama umefungwa khanga kwa nguvu, na kikohozi kikavu juu yake. Jumanne unapata nafuu, Jumatano umeshasahau. Mimi mwenyewe nilikuwa nacho nilipokuwa kusokota, kikaniacha nilipohamishwa. Lakini kuna dada yetu mmoja ana miaka kumi na minne pale, na Jumatatu yake sasa inafika hadi Ijumaa. Ngazi za nyumba anayopanga ni ghorofa moja tu, anapumzika mara mbili. Akienda zahanati anapimwa TB, haipo, anapewa dawa ya kikohozi anarudi kazini.

La pili ni masikio. Kwenye kufuma hatuongei, tunasomana midomo. Mwezi wa sita wapimaji walikuja, na kipimo cha usikivu kikafanyiwa kantini. Mimi nilikuwa natoka shifti ya usiku. Nikavalishwa hedifoni, nikaambiwa nikisikia mlio ninyanyue mkono. Upande wa pili wa kaunta wapishi walikuwa wanasugua masufuria. Nilinyanyua mkono kwa kubahatisha. Dakika tatu, imeisha. Baada ya wiki mbili tukatangaziwa kwamba wote tuko fiti. Karatasi yangu sijaiona mpaka leo. Nilipouliza nikajibiwa kwa upole tu kwamba vyeti viko kwenye faili la ofisi.

Nyumbani mwanangu wa darasa la pili ananiita mara tatu ndipo nageuka. Tukisoma pamoja yeye anasema "fika", mimi nasikia "shika".

Naomba mnisaidie. Je, ule ndio upimaji unaotakiwa? Na nikienda kwa wakubwa nianze na lipi, ili wasione nadharau wema waliotufanyia?

Nesi wa Zamu

Dada Binti Ruvu, pole, na hongera kwa kubeba wenzako. Mimi ni nesi wa zahanati ya kiwanda, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo hapa naongea ninachokifanya kila siku.

Hicho mnachokiita Jumatatu kina jina la kitabibu: bisinosi. Ni ugonjwa wa vumbi la pamba, na pia la kitani na mkonge. Pamba mbichi inakuja na vipande vya majani na bakteria, na sumu ya bakteria hao ndiyo inayotajwa zaidi kuwa inaufanya mwili ukasirike na njia za hewa zibane. Siku ya kwanza baada ya mapumziko ndiyo mbaya zaidi, ndiyo maana mnaiona Jumatatu. Mwanzoni inakuja na kuondoka. Mtu akiendelea kulivuta lile vumbi kwa miaka, siku zinaongezeka kama za huyo dada yenu, na mwisho mapafu yanabaki na kasoro ya kudumu. Anayevuta sigara inamwahi zaidi. Picha ya kifua inaweza kuwa safi kabisa na mtu bado anaumwa, kwa hiyo kuambiwa huna TB hakujamaliza habari.

Kipimo chake ni kupuliza. Unavuta pumzi yote, unapuliza kwa nguvu kwenye spirometa, inasoma hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Siri iko kwenye saa ya kupima: upime Jumatatu kabla mtu hajaingia kwenye vumbi, halafu umrudie siku hiyo hiyo baada ya saa sita hivi za kazi. Namba ikishuka, umeshaona ugonjwa kwa macho. Ukimpima mara moja tu Alhamisi, unaweza usione kitu.

Masikio sasa. Kile kipimo cha kantini nisingekikubali hata kidogo. Mtu anatakiwa awe amepumzika na kelele kama saa 14, kwa sababu ukitoka moja kwa moja kwenye mashine masikio yamechoka na matokeo yanakuwa ya uongo. Na chumba kiwe kimya. Kelele huanza kula sauti nyembamba, karibu na herzi 4000, na huko ndiko ziliko s, f, sh. Mwanao akisema "fika" irabu unaipata, ile f imepotea, unajazia mwenyewe.

Naomba unijibu mawili kabla sijaendelea. Mashine mnazisafishaje mwisho wa shifti? Na vizibo vya masikio mmepewa vya aina gani?

Binti Ruvu

Nesi, nimesoma mara mbili na nimemsomea na mume wangu.

Mashine tunazisafisha kwa upepo wa kompresa. Kila mtu ana mpira wake, tunapuliza pamba zote zinaruka juu. Tukimaliza tunapulizana na nguo, maana huwezi kupanda daladala ukiwa hivyo, nyusi zote nyeupe. Vizibo ni vile vya sponji ya njano. Tunapewa jozi moja kwa wiki, lakini hakuna aliyetufundisha. Wengi wanavigusisha tu mlangoni mwa sikio.

Kaka Utumishi

Nataka niseme kutoka upande wa ofisi, maana mimi ni afisa utumishi, kiwanda kingine.

Dada, usiende ukasema jogingi haina maana. Hujasema hivyo, ila ukikosea neno moja watasikia hivyo. Aliyeipigania ile bajeti huenda ndiye pekee mle ndani anayejali afya yenu, naye ndiye wa kwanza unayemhitaji. Mwambie ile meza ya presha imeokoa mtu, na sasa unaomba programu iingie ndani ya karakana.

Kuhusu vyeti: ni kweli ofisi lazima itunze cheti cha kufaa kazi, mkaguzi wa OSHA, yaani wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, akija anakidai. Lakini ofisi inahitaji kujua unafaa au hufai, au unafaa kwa masharti. Matokeo yenyewe ya kipimo ni siri yako na daktari, na una haki ya kuyaona na kuelezwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya, na gharama ni ya mwajiri. Hilo liombe bila woga, kwa maandishi, kupitia kamati yenu.

Na jambo moja linalowagusa sana wakubwa: mfanyakazi akithibitika ana ugonjwa uliotokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ndio unaobeba matibabu na fidia. Mwajiri anachangia peke yake, mshahara wako haukatwi hata shilingi. Maofisa wengi wanaficha ugonjwa wakidhani kampuni ndiyo itakayolipa kila kitu kutoka mfukoni, kumbe wameshalipia.

Nesi wa Zamu

Kompresa! Dada, hapo ndipo pa kuanzia. Anza na huo mpira.

Vumbi kubwa unaloliona kwenye nyusi pua inalizuia sehemu. Lile dogo lisiloonekana ndilo linaloshuka kifuani, na kompresa inalinyanyua lote lielee hewani muda mrefu, shifti inayofuata inaingia inalivuta. Marekani walipoweka kanuni ya vumbi la pamba mwaka 1978 waliweka kiwango, mikrogramu 200 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwenye kazi za nyuzi, na usafishaji wa kupuliza kwa upepo ukabanwa vilevile. Bisinosi ikapungua sana viwandani kwao. Mashine zinyonywe kwa vakyumu, sakafu vilevile badala ya fagio kavu. Nguo msipulizane tena, hata kwa ajili ya ngozi na macho tu. Ombeni ovaroli za kubadilisha na mahali pa kuoga.

Vizibo: nawa mikono, kiviringe kiwe chembamba kama kijiti. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu na nyuma, kiingize, ukishikilie kwa kidole nusu dakika mpaka kivimbe. Ukiongea na sauti yako inasikika nzito kama uko ndani ya pipa, kimekaa. Desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, 85 kwa saa nane ndio mpaka, na kila ikipanda 3 muda salama unakatwa nusu. Ukumbi wa kufuma unaweza kuvuka 90 kirahisi, na kwenye 91 tu muda salama ni saa mbili.

Mzee wa Korona

Mwanangu, nilifanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, korona kwanza, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, kisha chumba cha brashi, nyuzi kavu zinakosuguliwa. Kule kwenye brashi vumbi lake ni hilo hilo analosema nesi. Nilipoacha kazi hakuna aliyenipima. Miaka minne baadaye kifua kilipozidi, daktari akaniuliza mapafu yako yalikuwaje ulipoanza kazi, na yalikuwaje ulipoacha. Sikuwa na karatasi hata moja. Sasa nitathibitishaje?

Kila karatasi ya kipimo chako piga picha, tunza nakala nyumbani. Na yeyote anayeacha kazi hapo kwenu, hata kama anaondoka kwa furaha, mwambieni apimwe kabla ya kukabidhi kitambulisho.

Binti Ruvu

Mzee wangu shikamoo. Nimewasomea wenzangu maneno yako wakati wa chai, yule dada wa ghorofani akalia.

Narudisha majibu baada ya wiki tano. Nilifanya kama alivyosema kaka, nilianza na fundi wa umeme na presha yake, meneja akatulia kusikiliza. Nikamwomba ashuke nami mwisho wa shifti. Alisimama pale kwenye kusokota dakika kumi wakati wanapuliza. Hakusema kitu, alitoka na koti jeusi likiwa limegeuka la kijivu. Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa: kupulizana nguo marufuku. Vakyumu mbili zimeagizwa. Kwenye mashine kompresa bado inatumika, hilo sijalishinda.

Vipimo vya usikivu vimerudiwa Jumatatu alfajiri kabla ya kazi, kwenye chumba cha ghala upande wa geti, na safari hii kila mmoja amepewa nakala. Dada wa ghorofani alipuliza asubuhi na mchana, namba ikashuka. Ameandikiwa kwa daktari wa magonjwa ya kazi, na kwa sasa yuko chumba cha kukagua vitambaa.

Nesi, karatasi yangu ina mstari unaokwenda sawa halafu unazama kwenye 4000. Kulia desibeli 35, kushoto 45. Inamaanisha nini?

Nesi wa Zamu

Dada yangu, pole. Mzamo huo ni alama ya kelele, na kilichopotea hapo hakirudi. Lakini kwenye mazungumzo ya kawaida bado unasikia, na hicho kilichobaki kinaweza kulindwa. Daktari aione hiyo karatasi, na aulize kwa nini kushoto kumeharibika zaidi. Simama unavyosimama kazini, uangalie mashine gani iko upande huo.

Zamu yako ijayo ni lini? Kizibo cha kushoto kikae kabla hujafungua mlango wa ukumbi, usisubiri ufike kwenye mashine.

Binti Ruvu

Leo usiku, saa nne. Upande wa kushoto kuna mashine mbili.