Kikundi cha redio za ridhaa Dodoma: leseni kwanza au vikao kwanza?

Mwalimu_wa_Fizikia aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma mjini. Kwa miezi kadhaa sasa tumekuwa tukikutana watu sita, akiwamo fundi redio mmoja wa Majengo, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma na mzee mmoja mstaafu wa reli, tukizungumzia redio za ridhaa, yaani mawasiliano ambayo mtu huyafanya kwa kujifunza na kwa kuipenda kazi yenyewe, bila malipo. Hakuna hata mmoja wetu mwenye leseni. Kikao cha mwisho kiliishia katika ubishi: baadhi walitaka tusikutane tena mpaka kila mtu apate leseni yake, wakihofia kwamba tutaonekana tunaendesha mitambo kinyume cha sheria, wengine walisema kikundi kipate leseni moja, kisha sote tuitumie kwa zamu, kama zilivyotumika redio upepo za misheni na hospitali.

Naomba mwenye uzoefu atueleze ni upande upi ulio sahihi, mtu anayejiandaa kwa leseni asome nini, na kama ni lazima ajue Morse, yaani kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu. Mzee wetu wa reli anasisitiza kwamba bila Morse hakuna mwendesha redio, nasi tunamheshimu mno kumpinga bila ushahidi.

Redio_Upepo_Mstaafu alijibu:

Mwalimu, nimeendesha redio upepo ya hospitali ya misheni upande wa Mpwapwa kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nianze na mfano huo, maana ndio uliowapoteza wenzako. Redio ile ilikuwa na leseni ya taasisi na masafa yake maalumu. Mimi nilikuwa nabonyeza, nasema, naachia. Hata muuguzi wa zamu aliitumia usiku kuomba gari la wagonjwa, wala hakuna aliyetuuliza kama tunajua mawimbi yanasafiri vipi. Leseni ya ridhaa haiko hivyo. Mwenye nayo anaachiwa bendi nzima, yaani fungu zima la masafa, achague mwenyewe masafa, aina ya mawimbi na saa ya kuita, na wakati mwingine hata mtambo ameuunda kwa mikono yake. Ndiyo maana Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika kifungu cha 25, zinaitaka kila nchi ithibitishe ujuzi wa mtu kabla ya kumruhusu kuendesha kituo cha ridhaa. Kikundi kinaweza kuwa na kituo chake, lakini ujuzi haukopeshwi, na lazima awepo mtu anayewajibika kwa kila neno linalotoka kwenye antena ile.

Kwa hapa kwetu leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ofisi yao ya Kanda ya Kati iko hapo hapo Dodoma. Nendeni wawili, mkachukue masharti na ada za sasa kutoka kwao wenyewe badala ya kutegemea simulizi za mitandaoni, hii yangu ikiwamo. Atakayefanikiwa atapewa alama yake ya mwito, yaani jina la kituo chake hewani, na kwa kuwa Tanzania imegawiwa herufi za mwanzo 5H na 5I, mtu wa Kenya akisikia 5H atajua mara moja anaongea na nani, kama sisi tunavyomtambua yeye kwa 5Z.

Mzee wa reli mpeni shikamoo yangu, lakini mwambieni kwamba sharti la kimataifa la Morse kwa wanaotaka bendi za chini ya megahezi 30 liliondolewa katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2003, na tangu hapo kila nchi huamua yenyewe. Hata hivyo msimwache akae kimya. Morse hupenya pale ambapo sauti imezama kabisa katika kelele, na mwalimu wa Morse mwenye masikio ya reli si mtu wa kumpata kila siku.

Kijana_wa_Kikuyu alijibu:

Nawaheshimu wazee, ila naona mnaifanya safari iwe ndefu. Redio za mkononi kutoka China zinauzwa bei nafuu. Nunueni mbili tatu, mfanye mazoezi ya kuongea kutoka Kikuyu hadi Chang'ombe hapa hapa Dodoma, leseni itafuata. Kwa wati tano nani atajua?

Fundi_Antena alijibu:

Mdogo wangu, atajua yule utakayemwingilia. Nyingi ya redio hizo hurusha mawimbi kuanzia megahezi 136 hadi 174, ilhali bendi ya ridhaa kwa Afrika na Ulaya ni kati ya 144 na 146 tu. Megahezi nyingine zote hapo ni za watu wengine, na redio yenyewe haikukatazi: ukibonyeza, imerusha. Isitoshe, kurusha mawimbi bila leseni ni kosa hata ukiwa ndani ya bendi, na kikundi kitakachoanza kwa kosa kitapata shida kuomba chochote baadaye.

Mwalimu, ubishi wenu unaisha mkitenganisha kusikiliza na kurusha. Vikao visisimame hata wiki moja, ila vikao vya sasa viwe vya kusikiliza na kuunda. Redio ya kawaida ya mawimbi mafupi haitawafaa sana, kwa sababu sauti za ridhaa huja kwa mfumo wa SSB, unaorusha upande mmoja tu wa wimbi, na redio isiyo na mfumo huo hutoa mlio kama wa bata. Wakati mnatafuta redio inayofaa, tumieni ile ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, inayosikilizwa kupitia intaneti, ili wanafunzi wazoee namna watu wanavyoitana, wanavyotaja alama zao na wanavyoagana.

Jambo ambalo wengi hulikosea hapa kwetu ni antena. Watu hudhani lazima wapande kilima cha Imagi ndipo wasikike Dar es Salaam. Kwa bendi ya mita mbili, yaani ile ya megahezi 144 hadi 146, kilima kinasaidia kweli, kwa kuwa mawimbi yake hayapindi sana. Lakini kwa kuwafikia wenzetu wa Dar es Salaam, takribani kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, njia ni bendi ya mita 40, yaani kilohezi 7000 hadi 7200, mchana, kwa wimbi linalopanda karibu wima, likagonga ionosfea, tabaka lililo juu sana angani, na kurudi chini kama mwavuli. Kwa kazi hiyo antena ya chini ndiyo bora. Waya wa mita 20 hivi uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, ukiinuliwa mita tano au sita kati ya miti miwili, unatosha, na ndiyo hesabu ya kwanza ya kuwapa wanafunzi: gawanya 143 kwa megahezi, upate urefu kwa mita. Ukiuinua juu mno, nguvu nyingi itaelekea mbali na utampata mtu wa Italia huku jirani yako wa Morogoro hakusikii.

Masomo mengine yanayotarajiwa kwa mwendeshaji ni kanuni, nadharia ya umeme na redio, usalama, na namna ya kuzuia mwingiliano. Katika usalama msiipuuze radi: mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na antena iliyosahaulika kwenye redio mchana wa Januari ni hasara inayosubiri wingu. Waya wa ardhini nao una taabu yake, kwa sababu kiangazi udongo wa Dodoma hukauka kiasi kwamba fimbo moja ya shaba haifanyi kazi yoyote ya maana. Chimbieni zaidi ya moja na mmwagie maji.

Mwalimu_wa_Fizikia aliandika:

Mzee wangu na fundi, nashukuru sana. Nimewasomea wenzangu majibu yote, na kijana wa Kikuyu tumemkaribisha, maana redio anazozijua zina kipokezi kizuri: tutamwomba aje na yake, tuiweke kwenye megahezi 145.800 tujaribu kukisikia kituo cha anga cha kimataifa kikipita juu yetu, bila mtu kugusa kitufe cha kuongelea. Jumatatu mimi na fundi wa Majengo tunakwenda TCRA. Jumamosi inayofuata tunakata ule waya wa mita 20 uwanjani, na mzee wa reli ameshasema atakuja na kitufe chake cha Morse, ingawa amekataa kukubali habari ya Geneva mpaka aione kwa maandishi.

Redio_Upepo_Mstaafu alijibu:

Mwachie tu. Nami nitapanda basi la asubuhi Jumamosi hiyo, mniwekee kiti karibu naye.