Mrejesho: ile picha ya Kennedy yenye sahihi

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kama sahihi ya John F. Kennedy kwenye picha aliyotuachia babu, mmoja wa vijana waliopelekwa kusoma Marekani mwaka 1960, ni ya mkono wake.

Si ya mkono wake. Ni wino kweli, maana chini ya lenzi hakuna vile vidoa vya uchapaji. Ila mstari una unene uleule mwanzo hadi mwisho, kalamu haikukolea wala kufifia popote, na inapoanzia kuna nukta nzito. Aliyenishauri nitafute sahihi nyingine nizilinganishe, ubarikiwe. Nimepata moja mtandaoni, nikaweka juu ya yangu, zikalaliana kila kona. Mkono wa mtu hauandiki hivyo mara mbili. Ni ile mashine ya kusaini, inayoshika kalamu halisi na kurudia sahihi ileile. Kennedy aliitumia sana, na makatibu wake nao walimsainia.

Mjomba alitaka tuilaminishe. Nimekataa: joto na gundi vinaharibu picha, na havitoki tena. Ipo kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kabatini, mbali na jua. Bahasha ya posta iliyokuja nayo nimeihifadhi pia, stempu na muhuri vinasomeka.

Siuzi, msije PM.