Ukoo wa Bibi: Kigoma, Dar na Buffalo (Aprili 2025)

Eliya (Buffalo), 05:04: Wametolewa rasmi. Mwaka wa KUMI NA NNE.

Shangazi Mariamu (Kigoma): Nani katolewa? Alfajiri yote hii unaandika herufi kubwa, moyo umeniruka nikadhani msiba.

Eliya: Shikamoo Shangazi, samahani. Huku ni saa nne usiku. Ni Sabres, timu yangu ya hoki ya barafuni.

Shangazi Mariamu: Marahaba. Wale wa nyati na mapanga? Mbona Desemba ulishawalilia?

Eliya: Ile ni mechi 13 mfululizo bila kushinda hata moja. Ila kwa hesabu za makaratasi walikuwa bado hai. Sasa hata makaratasi yamekataa.

Baba Neema (Dar): Pole mdogo wangu. Mimi na Simba yangu tangu 2021 hatujaonja ubingwa na presha ninayo. Sembuse miaka 14.

Eliya: Kaka, nani kataja ubingwa? Ubingwa hawajawahi kuchukua tangu waingie ligi 1970! Nasemea kuingia mtoano tu. Timu ziko 32, zinaingia 16. Yaani nusu ya darasa inafaulu, sisi kila mwaka tuko na wanaorudia. Ligi nzima hakuna aliyewahi kukosa mfululizo hivi.

Baba Neema: Na hawashuki daraja?

Eliya: Huku hakuna kushuka. Ukishika mkia ndiyo unapewa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya.

Baba Neema: 😂😂 Kuna timu hapa ningezitumia nauli zihamie huko.

Eliya: Usicheke, hata huo mkia una bahati nasibu yake. 2015 tulishika mkia safi, watu wanavumilia vipigo wakijua Connor McDavid anakuja. Mipira ikazungushwa, McDavid akaenda Edmonton. Sisi tukapata wa pili, Jack Eichel.

Rehema (Dar): Huyo naye garasa?

Eliya: Garasa wapi! Fundi. Akaumia shingo, yeye anataka upasuaji huu, uongozi unataka tiba nyingine, wakavutana miezi. Novemba 2021 akapelekwa Vegas. 2023 kabeba kombe. Sam Reinhart naye tukamwachia Florida 2021, na 2024 mechi ya saba ya fainali ndiye aliyefunga goli la ubingwa. Kabla yao Ryan O'Reilly, kaondoka 2018, 2019 kabeba kombe na St. Louis, na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano juu yake.

Shangazi Mariamu: Kuni zako, sufuria yako, wali anakula jirani.

Eliya: Shangazi umemaliza.

Baba Neema: Ila nyie viongozi wa ligi hawawachezei. Sisi tarehe 8 Machi nimeshavaa jezi, derby ya Kariakoo inaahirishwa siku hiyohiyo. Mpaka leo haijachezwa.

Eliya: Hawatuchezei? Kaka, muulize mtu yeyote wa mji huu kuhusu 1999. Fainali, mechi ya sita, hapa nyumbani, tuna Dallas. Moja moja. Muda wa nyongeza wa kwanza, wa pili, wa tatu, imeshapita saa saba usiku. Brett Hull anafunga, na mguu wake uko ndani ya kile kiboksi cha buluu mbele ya golikipa. Msimu mzima magoli ya hivyo yalikuwa yanafutwa hata kwa ncha ya kiatu! Safari hii watu wakamwagika uwanjani na kombe likatoka. Ligi ikasema kile kisahani, ndiyo mpira wa hoki, alikuwa anakimiliki yeye, kwa hiyo mguu ni ruksa.

Rehema: Kwani 1999 wewe ulikuwa wapi?

Eliya: Kambini Nyarugusu, nanyonya.

Rehema: 😭😭😭

Eliya: Na msimu uliofuata hiyo sheria wakaiondoa. Ukiniuliza mimi, goli halali halifutiwi sheria. Halafu kocha wa mwaka ule, Lindy Ruff, ndiye kocha wetu sasa hivi. Kaondoka 2013, karudishwa mwaka jana.

Baba Neema: Hamia Florida basi. Kombe lipo, baridi hakuna.

Eliya: Siwezi.

Bibi: 🎤 0:47

Rehema: Kwa mlio kazini: Bibi anauliza hao watu wanakulipa kiasi gani hata ukeshe. Na ile kofia ya buluu ya kwenye picha imefumuka, nani anakuvalisha matambara?

Eliya: 😂 Mwambieni shikamoo. Kofia nilipewa na mzee jirani tulipofika Oktoba 2011, nina koti la msaada linanifika magotini. Mtoano wa mwisho ulikuwa Aprili ya mwaka uleule, kwa hiyo sijawahi kuuona hata mmoja. Mzee alikuwa ananiwekea redio kibarazani ananieleza mchezo, nami Kiingereza sijui. Amefariki 2022. Hospitali bado anasema ule mguu ulikuwa ndani.

Shangazi Mariamu: Mungu amrehemu. Bibi atakufumia nyingine.

Eliya: Asante Shangazi. Ila hii siitupi.

Shangazi Mariamu: Haya, kalale, msimu umekwisha.

Eliya: Haujaisha, zimebaki mechi kadhaa.

Baba Neema: Si wametolewa?

Eliya: Tiketi ya wiki ijayo nilishanunua.